Mistari Miwili na Kiti cha Seremala

Kila mmoja awe na karatasi, kalamu ya risasi na rula. Asiye na rula atumie ukingo wa kitabu.

Chora mstari uliosimama wima, kutoka juu ya karatasi mpaka chini. Usiupitishe katikati, uweke upande wa kushoto kidogo. Sasa chora mwingine uliolala, uukate ule wa kwanza karibu na upande wa chini. Mistari hiyo inapokutana pana pembe nne, na kila moja ni pembe mraba. Karatasi yako sasa ina vyumba vinne, wala havilingani.

Mtu akikuuliza, "Umechora nini?" utamjibu nini? Si mti, si nyumba, wala si ng'ombe. Ni mistari tu. Leo tutazungumza juu ya mtu aliyefanya mistari hiyo kuwa kazi ya maisha yake.

Jina lake Piet Mondrian. Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Amersfoort, nchi ya Uholanzi. Mwanzo alichora kama wachoraji wengine: miti, mito na vinu vya upepo. Basi msidhani alichora mistari kwa sababu mti ulimshinda. Mti aliuweza sana.

Karibu na mwaka 1912 alihamia Paris. Huko wachoraji kama Picasso na Braque walikuwa wakivunja umbo la vitu katika vipande vipande. Mondrian alichora mti tena na tena. Kila picha mpya ilipunguza jambo: kwanza majani, kisha matawi, mwisho ikabaki mistari. Kufika mwaka 1921 alitumia mistari myeusi ya wima na ya kulala, pamoja na nyekundu, buluu na manjano, juu ya nyeupe na kijivu.

Kwa nini? Aliona kwamba vitu hubadilika. Mti hupukutisha majani, ua hunyauka. Lakini kusimama na kulala, ukubwa na udogo, hayo hayaondoki. Alitafuta mizani kati yake. Jaribu mwenyewe: paka rangi nyekundu katika kile chumba kidogo kuliko vyote. Utaona chumba hicho kinavyoshindana na ule weupe mkubwa. Vitu viwili vyaweza kuwa sawa kwa uzito bila kuwa sawa kwa ukubwa.

Mwaka 1917 Theo van Doesburg alianzisha gazeti lililoitwa De Stijl katika mji wa Leiden. Mondrian aliandika humo. Watu wa gazeti hilo walitaka mchoraji, seremala na mjenzi wafanye kazi kwa nia moja.

Mmoja wao alikuwa Gerrit Rietveld wa mji wa Utrecht, seremala mwana wa seremala. Karibu na mwaka 1918 alitengeneza kiti cha mbao zilizonyooka, bila nakshi wala mto. Baadaye, karibu na mwaka 1923, alikipaka rangi: mgongo mwekundu, kikalio cha buluu, fremu nyeusi, na ncha za mbao manjano. Alitumia mbao za vipimo vya kawaida, akitumaini kwamba mashine ingeweza kuvitoa viti vingi.

Mwaka 1924 mjane mmoja, Truus Schröder, alijenga nyumba pamoja na Rietveld. Alikuwa na watoto watatu, naye alitaka kuishi nao karibu, si kila mtu katika chumba chake. Basi ghorofa ya juu ikawekewa kuta za kusogezwa. Mchana ni ukumbi mmoja; usiku ni vyumba. Sheria ya ujenzi haikuruhusu hivyo, kwa hiyo katika ramani ghorofa hiyo iliandikwa kuwa dari tu. Mama huyo aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1985. Mwaka 2000 nyumba hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Wako waliouchukia usanii huu. Nchini Ujerumani, shule ya Bauhaus, iliyofundisha ufundi wa namna hii, ilifungwa mwaka 1933 kwa shindo la Wanazi. Mwaka 1937 walitundika picha za wachoraji wengi wa mambo mapya, za Mondrian zikiwamo, ili watu wazicheke. Mwaka 1938 Mondrian alikwenda London, na mwaka 1940 New York, alikofariki mwaka 1944. Mraba hausemi neno. Lakini mtawala anayetaka kila picha imsifu yeye hawezi kuutumia, na asichoweza kukitumia hukiogopa.

Je, tumaini la seremala lilitimia? Si lote. Viti vyake vya kwanza vimo katika makumbusho, wala havikuwa viti vya kila nyumba. Lakini fikira yake ilienea: kitu cha kazi chaweza kupendeza kwa vipimo vyake tu, bila mapambo.

Sasa zimeni redio, mzungumze:

1. Kwa nini Mondrian alichora mti mara nyingi kabla ya kuuacha?
2. Mama Schröder alihitaji nini, na kuta zilimsaidiaje?
3. Kitu kizuri ambacho wengi hawawezi kukinunua, je, kimeshindwa kazi yake?

Kwaherini.