Jemadari Aliyesifiwa na Adui Zake



Wazee husema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Basi adui akipigana kwa akili na ushujaa, si aibu kumtaja kwa haki yake.

Paul von Lettow-Vorbeck aliwasili Dar es Salaam mwezi wa Januari, 1914, kuwa mkuu wa majeshi ya Wadachi katika Afrika ya Mashariki. Vita vilipoanza mwaka ule, alitambua kwamba hataweza kuwashinda Waingereza kabisa. Nia yake ikawa moja: kuwashughulisha askari wao wengi huku, wasipate kwenda kupigana Ulaya.

Novemba 1914, askari wapata 8,000 kutoka Bara Hindi walishushwa Tanga. Yeye alikuwa na watu kama 1,000 tu. Usiku alipanda baisikeli akaukagua mji kwa macho yake mwenyewe. Wavamizi walishindwa, wakaacha bunduki na risasi nyingi, naye akazitumia. Manowari Königsberg ilipoangamia katika Rufiji mwaka 1915, mizinga yake 10 ilitolewa ikavutwa bara. Kwinini ilipopungua, dawa ilipatikana katika magome ya miti.

Alijua Kiswahili, na askari wengi Waafrika walimfuata hata mwisho. Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno. Mwaka uliofuata akafika Rhodesia ya Kaskazini. Huko ndiko alikopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Tarehe 25 Novemba, 1918, aliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Alikuwa na Wadachi 155 na askari Waafrika 1,168. Waingereza waliompigania miaka minne walimpokea kwa heshima.

Lakini haki haipimwi kwa kibaba kimoja. Majeshi ya pande zote mbili yalikula vyakula vya wanavijiji, na mizigo yao ilichukuliwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Basi anayemsifu jemadari kwa werevu wake, na amkumbuke pia mpagazi, ambaye bila mabega yake hakuna jemadari wa upande wowote angalifika mbali.