Pareto na Haki ya Mchumaji



Katika nyanda za juu za Mufindi, Makete na Mbeya humea ua jeupe lenye kitovu cha manjano. Mgeni apitaye huliona kuwa pambo la shamba. Mwenyeji hulijua kuwa ada ya shule, sabuni na bati la nyumba. Ua hilo ni la pareto, mmea wa jamaa moja na alizeti.

Asili ya pareto ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki. Kenya ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika katika miaka ya 1930. Thamani yake imo katika pairethrini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya wadudu, lakini yenye madhara madogo kwa binadamu na mifugo. Sumu hiyo huvunjika upesi katika mwanga wa jua, hivyo haidumu shambani. Sehemu yake kubwa imo katika mbegu changa za kitovu cha ua.

Pareto ni zao la baridi. Hustawi katika miinuko ya mita 1,700 hivi na zaidi kutoka usawa wa bahari. Pasipo baridi mmea hutoa majani mengi na maua machache. Mkulima huotesha mbegu kitaluni, au hugawa mashina ya mimea iliyokomaa, kisha hupanda wakati wa mvua katika udongo usiotuamisha maji. Shamba likitunzwa huzaa kwa miaka mitatu au zaidi, na katika msimu wake huchumwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Hiyo ndiyo fadhila ya pareto kwa mkulima mdogo: haimlazimishi kungoja mwaka mzima ndipo aone fedha.

Hata hivyo, zao hili halisamehe uzembe. Ua likichumwa kabla halijafunguka, sumu haijatimia. Likichelewa, mbegu hupukutika. Maua yaliyochumwa hayana budi kuanikwa upesi, kwa tabaka jembamba. Yakirundikwa mabichi hupata joto, huoza na kuwa meusi. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Kwa hiyo kila kilo ifikayo kwenye mizani ni jasho la mikono mingi, iliyochuma ua moja baada ya jingine.

Hapa ndipo linapozuka suala la haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya iliongoza dunia, ikitoa zaidi ya tani 10,000 za maua makavu kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye ilikuwa chini ya tani 1,000, na Tasmania, kisiwa cha Australia, imeshika nafasi ya kwanza. Sababu ni zaidi ya moja. Viuadudu vya viwandani vya mfano wa pairethrini, kama permethrini iliyotangazwa na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, vilikuwa rahisi kwa bei na vilistahimili jua. Lakini ushindani huo haukuwang'oa wakulima peke yake. Walipopeleka maua na kukaa miezi, hata miaka, bila malipo, wengi waling'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Mimea ilikuwa hai. Imani ndiyo iliyokufa.

Funzo hilo linawahusu watumishi wa umma popote pareto inapolimwa. Karani wa mizani, Bwana Shamba na mhasibu ni wakulima wa zao hili sawasawa na yule mwenye jembe. Mizani ikipunjwa kidogo, malipo yakicheleweshwa kwa sababu ya faili lisilotiwa saini, fadhila ya zao la kila wiki mbili hutoweka. Aidha, mkulima asipolipwa kwa ubora hana sababu ya kuchambua wala kukausha vema.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi wa Makete akifundishwa kwa nini ua huchumwa likiwa limefunguka, na namna ya kusoma stakabadhi ya mauzo ya mzazi wake, atakuwa amejifunza sayansi na hesabu kwa pamoja, na si rahisi kupunjwa ukubwani.

Ahadi ni deni. Anayepokea maua ya mkulima amepokea kazi yake. Pareto itaendelea kuchanua milimani iwapo deni hilo litalipwa kwa wakati.