MBOJI KATIKA MASHAMBA YETU YA MCHANGA
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka, Moi's Bridge



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya mashamba yenye mchanga. Kila mwaka twaona jambo lile lile: mvua ya Aprili yanyesha vizuri, mahindi yaota, kisha jua la wiki mbili likiwaka majani hujikunja, hali jirani mwenye udongo mwekundu hana wasiwasi. Twalalamika kuwa mvua ni haba; lakini mvua iliyotunyeshea ni moja.

Leo tumeleta mikebe miwili iliyotobolewa chini, mmoja una mchanga mtupu, wa pili una mchanga huo huo uliochanganywa na mboji. Tumemimina maji kikombe kimoja kila mkebe, na wazee mmeona wenyewe: wa kwanza umeyaachilia upesi, wa pili umeyazuia mengi. Nafasi kati ya chembe za mchanga ni pana, hivyo maji hupita chini, yakichukua na mbolea tuliyoinunua kwa fedha nyingi. Mboji hunywa maji kama sifongo, ikayatoa polepole kwa mizizi. Mbegu chotara tulizozipata kutoka Kitale tangu 1964 zimetuongezea mavuno, ila hakuna mbegu iwezayo kuzuia maji ardhini.

Basi, kwanza, tuache kuchoma mabua. Sisi tusemao tuliyachoma miaka mingi tukidhani twasafisha shamba, kumbe twateketeza akiba yake. Pili, tuyakatekate, tuyarundike pamoja na samadi na majani mabichi, tuyatie maji na kuyageuza mpaka yawe meusi yenye harufu ya udongo. Mabua makavu yakifukiwa peke yake huyanyima mahindi chakula yanapooza, na samadi mbichi huunguza miche. Tatu, mwenye mboji kidogo aitie katika mashimo ya kupandia, asiitawanye shamba zima. Na kazi hii irudiwe kila mwaka, kwa kuwa mboji huoza ikaisha.

Zamani shamba likichoka, watu walihama. Leo hatuna pa kuhamia, na wana wetu watagawana ardhi hii hii. Twaomba kila mwanachama awe na lundo moja tayari kabla ya mvua za Machi.