KANUNI ZA MWENDO NA MSAFIRI WA LORI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Somo langu ni elimu ya nguvu na mwendo. Pengine mtasema, hayo ni mambo ya shule, yatufaa nini sisi tushindao mezani na kalamu? Nitawajibu kwa kisa nilichokiona kwa macho yangu.

Siku moja tulisafiri kwa lori, makarani watatu, tumeketi juu ya magunia ya mahindi. Ng'ombe akakatiza njia, dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Lori likasimama salama, na ng'ombe akapita. Lakini mwenzetu mmoja alipita juu ya kichwa cha gari akaanguka barabarani, akavunjika mguu. Hata leo huja ofisini kwa mkongojo. Watu wakauliza, "Nani aliyemrusha?" Wengine walimlaumu dereva, wengine wakataja shetani wa njia ile. Mabwana, hakuna aliyemrusha. Lori lilisimama; yeye hakusimama.

Watu wa kale, hata Aristotle mwenye hekima wa Wayunani, walidhani kuwa kitu hakiendi ila kisukumwe daima. Galileo wa Italia akaviringisha tufe juu ya mbao zilizoinamishwa, akatambua kwamba kinachokomesha mwendo ni kizuizi, si uchovu wa kitu chenyewe. Kisha Isaac Newton, Mwingereza, akaeleza kanuni tatu katika kitabu cha Kilatini kilichopigwa chapa mwaka 1687.

Kanuni ya kwanza: kitu kilichotulia hudumu katika kutulia, na kiendacho hudumu kwenda kwa mwendo ule ule na kwa njia iliyonyoka, mpaka nguvu nyingine ikigeuze. Breki zilishika magurudumu ya lori, hazikumshika karani.

Kanuni ya pili: badiliko la mwendo hufuata nguvu itiwayo, na kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kihitajivyo nguvu zaidi. Mkokoteni mtupu hata mtoto huusukuma. Ukijaa chumvi, wanaume wawili hutoka jasho kuuondoa, na hutoka jasho tena kuusimamisha. Tena mwendo ukikomeshwa polepole, nguvu yatosha ndogo. Ukikomeshwa ghafula, huwa kubwa mno.

Kanuni ya tatu: kila nguvu ina jibu lake, sawa kwa kiasi, kinyume kwa upande. Mwenye dau husukuma mchanga wa chini kwa upondo, na mchanga humsukuma yeye na dau lake. Vivyo hivyo aangukaye huipiga ardhi, na ardhi humrudishia pigo lile lile bila kupunguza.

Sasa natazame hesabu. Motokaa iendayo maili 30 kwa saa, barabara ikiwa kavu na breki nzima, huhitaji yapata futi 45 ili kusimama tangu breki kushika. Iendayo maili 60 huhitaji, si futi 90, bali futi 180. Maana mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama huzidi mara nne. Na mtu ajigongaye kwa mwendo wa maili 30 hupata pigo la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha futi 30 hivi. Nani kati yetu angekubali kujitupa kutoka mnazini kwa sababu amechelewa kazini? Lakini twaketi juu ya magunia na kumhimiza dereva, "Kaza mwendo, bwana!" Nakiri mbele yenu kuwa siku ile sauti iliyosema hivyo ilikuwa yangu.

Basi nina maneno matatu. Asafiriye aketi ndani ya gari, na penye mkanda ajifunge, maana mkanda ndio breki ya mwili. Asimhimize dereva. Na Chama, nikiruhusiwa kuomba, kiwaandikie wakubwa wa kazi kwamba mtumishi atumwaye safari asipandishwe juu ya mizigo.

Mabwana, kanuni za ofisi zina maelezo na msamaha. Kanuni hizi tatu hazitazami cheo wala mshahara, wala hazina rufani.