Simbilisi Akikataa Chakula, Usingoje Kesho

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na watoto waliohudhuria siku ya chanjo ya mbwa na paka)

Najua wengi mmeleta mbwa na paka, na kichaa cha mbwa ndicho kilichotukutanisha hapa. Lakini pale nyuma nimeona katoni mbili zenye matundu, na ndani mna simbilisi. Hao hawadungwi sindano leo, ila wenye nao naomba msiondoke kwanza.

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari za kaunti. Haya nimeyapata kwa madaktari, na mengine nimeyajua kwa uchungu nyumbani kwangu.

Binti yangu alikuwa na simbilisi wa rangi ya kahawia. Jumamosi moja jioni akaniambia, "Baba, hajagusa sukuma wiki yake." Nikamjibu kwamba atakula akisikia njaa. Jumapili tulimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama. Nikakumbuka amoksilini iliyobaki binti yangu alipougua kifua, nikampa matone kadhaa. Jumanne tulimzika chini ya mparachichi.

Makosa yalikuwa mawili, yote yangu.

La kwanza ni kungoja. Porini simbilisi ni windo, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona amejikunyata, jua ameugua kwa muda. Tena tumbo lake limeumbwa kusaga nyasi mchana na usiku. Asipokula, utumbo hulegea, hewa hujaa, na ini huanza kudhurika. Mbwa anaweza kususia chakula siku nzima akapona mwenyewe. Simbilisi akipitisha nusu siku bila kula, mpigie daktari simu. Siku nzima ni hatari ya kifo.

La pili ni dawa. Amoksilini, ampisilini na penisilini huokoa watoto wetu, lakini kwa simbilisi huua bakteria wazuri wa utumbo, na wabaya hubaki wakitoa sumu. Zipo dawa anazoweza kuzivumilia, ila achague daktari. Ukiambiwa dukani kwamba dawa fulani ni ya wanyama wote, usiinunue kabla ya kumuuliza daktari.

Angalieni mavi kila asubuhi. Yakiwa machache, madogo kuliko kawaida, au ya majimaji, kuna shida. Akihema kwa nguvu, akitoa kamasi, mkojo ukiwa na damu, kichwa kikiinama upande mmoja, au tumbo likikaza kama ngoma, safari ya kwa daktari ni siku hiyo hiyo. Kidevu kikilowa mate, huenda ni meno, maana hukua maisha yake yote. Mpimeni kila wiki kwa mzani wa jikoni. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Akipoteza gramu 50 au zaidi kwa wiki, msipuuze.

Akichechemea au kulia akishikwa, huenda amekosa vitamini C. Mwili wake hauitengenezi, kama wetu tu, na chakula cha sungura cha dukani hakimtoshi. Kipande cha pilipili hoho na jani la sukuma wiki kila siku, pamoja na nyasi kavu bila kipimo, vinamfaa.

Mkiwa njiani kwa daktari, mtieni ndani ya katoni yenye kitambaa na nyasi, mbali na upepo na jua. Kama anameza vizuri na tumbo halijavimba, lowesheni chakula chake kiwe uji, mmpe kidogo kidogo kando ya mdomo kwa bomba lisilo na sindano. Msimlazimishe akiwa anahema.

Kuna mzazi aliyeniuliza kama kaunti ina haja gani na mnyama wa watoto. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za mifugo na ustawi wa wanyama. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yenu ni daktari gani aliyesajiliwa anayetibu wanyama wadogo. Ulizeni leo, muiandike namba yake ukutani, kwa sababu ugonjwa hupenda wikendi.

Sasa wenye katoni njooni mbele. Mzani wa jikoni uko hapa mezani, na kalamu ninayo.