Jicho la Angani na Mpaka wa Msitu



Tumekuja kuzungumzia picha za setilaiti, kwa kuwa katika vijiji vingi vilivyopakana na misitu husemwa kwamba serikali ina jicho angani linalomwona kila mwenye shoka. Jicho lipo, ila halioni hivyo.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Kipande kimoja katika picha zake nyingi za leo ni mraba wa mita 30 kwa 30, karibu robo ekari. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 huona hadi mita 10, na zikipokezana mbili hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5. Mtu haonekani humo. Kinachopimwa ni mwanga unaorudishwa na majani, hasa ule usioonekana kwa macho yetu: jani bichi huurudisha kwa wingi, udongo mtupu na majivu haviufikii wingi huo. Mawingu yakifunika mlima hutumika rada, ambayo hupenya mawingu.

Ramani za Mamlaka ya Taifa ya Misitu, yenye makao yake hapa Bugolobi, zinaonyesha kwamba misitu iliyofunika takriban asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 ilibaki takriban asilimia 9 mwaka 2015. Sehemu kubwa ya iliyopotea ilikuwa nje ya hifadhi, katika ardhi za watu binafsi. Hasara hiyo ni yetu sote.

Hata hivyo, mwenye mikaratusi aliyevuna mali yake kwa haki huonekana kutoka angani sawasawa na mharibifu wa msitu. Kahawa iliyo chini ya miti ya kivuli huweza kuhesabiwa kuwa msitu. Kwa hiyo picha humwelekeza askari mahali pa kwenda kuangalia, haimhukumu mtu.

Gumu zaidi ni mpaka. Wenzetu wa Elgon wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 za msitu huo kwa ajili ya Wabenet. Zilipopimwa baadaye, ardhi iliyogawiwa ilionekana kukaribia hekta 7,500. Familia zilizokuwa katika zile 1,500 zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi bila kusogea hata hatua moja, na msitu wenyewe ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1993. Shauri lilifika Mahakama Kuu kule Mbale, na mwaka 2005 ikatolewa hukumu ya maridhiano iliyowatambua Wabenet kuwa wakazi wa asili wa eneo lile. Setilaiti isingeweza kulimaliza jambo hilo. Mti huonekana kutoka angani; mstari wa mpaka hauonekani, kwani umeandikwa katika gazeti la serikali, kisha mtu akauchora juu ya picha. Akikosea kuuchora, picha nzuri kabisa itamtia hatiani asiye na kosa.

Basi ofisa akifika kijijini na ramani, mwulizeni kwa heshima: picha hii ni ya tarehe gani, na mstari huu umetoka wapi? Mwenyekiti wa LC na wazee wanaoyajua mawe ya mpaka wafuatane naye kwa miguu. Kuuliza hivyo si kumzuia ofisa kazi yake. Na picha za zamani zaweza kumtetea mwananchi pia: shamba lililokuwa shamba miaka ishirini iliyopita halikufyekwa jana.

Nasi tunawahitaji. Picha huonyesha pengo msituni, lakini haionyeshi lori la mkaa lilivuka wapi usiku, wala kama mbao zinazouzwa Mpondwe zilikatwa upande huu au upande wa Kongo. Hayo mnayajua ninyi mnaoishi kando ya njia, pamoja na ndugu zenu wa ng'ambo.

Ramani ya Elgon imetandazwa pale mezani, pande zote mbili, Uganda na Kenya. Anayetaka kukitafuta kijiji chake na asogee.