Kompyuta ya Zamani Inapokataa Mfumo Mpya

Mazungumzo na kamati za parokia na marafiki wafadhili, Mchinga

Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta, nasi tunajua wapo humu ambao wangependa kusikia kwanza habari za kisima. Wavumilie kidogo. Habari za kisima ndizo zilizokuwa ndani ya kompyuta iliyogoma.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Wengine walidhani kompyuta zitazimika siku hiyo. Hazikuzimika. Ila tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo huo, halizibwi tena kama zamani. Ni sawa na mtumbwi ambao fundi wake wa kukalafati amehama kijiji: utaelea leo na kesho, lakini maji yanajua njia.

Mfumo unaofuata, Windows 11, ulitoka Oktoba 2021 na una masharti yake. Unataka kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa kidogo cha kutunza siri kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa kompyuta nyingi zenye prosesa ya Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Sasa kila mmoja aifikirie kompyuta ya ofisi yake. Nyingi tulizo nazo zilikuja kama msaada, baada ya kumtumikia mwenye nazo wa kwanza kwa miaka kadhaa. Zilikuwa zimezeeka kabla hazijavuka daraja la Rufiji.

Basi wiki chache kabla ya tarehe hiyo, kijana mmoja mwenye nia njema, aliyeletwa kutoka mjini, alijaribu kuipandisha kompyuta ya mezani ya ofisi moja ya huku iende Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi wa masharti. Ni mashine ya mwaka 2013. Kazi ilianza vizuri, asilimia zikapanda, ikajizima na kujiwasha. Kisha ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko. Ikajiwasha tena, na safari hii ikabaki kioo cheusi na vidoti vinavyozunguka.

Ndani yake mlikuwamo orodha ya kaya zote zilizochangia kisima kwa miaka mitatu, nani alitoa nini na lini. Vishina vya stakabadhi vilikuwapo kabatini, ila mchwa walikuwa wamevitangulia. Wageni wetu huenda wakaona orodha ni karatasi tu. Hapa waliochanga ni Waislamu na Wakristo, wavuvi, wakulima wa korosho, akina mama wanaouza samaki. Mtu akija kuuliza mchango wake wa mwaka juzi, akaambiwa jina halionekani kwa sababu kompyuta imekufa, hatatukana. Atanyamaza, na mwakani hatatoa. Aidha, taarifa ya robo mwaka kwa wafadhili ilikuwa inadaiwa, na hesabu zake zilikuwa humo humo.

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kutochomoa waya. Mtu akiona vidoti vinazunguka saa nzima, mkono unamwasha. Lakini mfumo ukiwa katikati ya kurudisha mafaili, kuukatia umeme ndiko kunakogeuza homa kuwa msiba. Tazameni taa ndogo ya diski mbele ya mashine. Ikiwa inapepesa, kuna kazi inafanyika, iacheni. Mashine yenye diski ya zamani na kumbukumbu ndogo inaweza kuchukua nusu siku. Sisi tuliisubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Taa ilipokuwa imetulia muda mrefu bila kupepesa hata mara moja, ndipo tukaizima kwa kushikilia kitufe.

Jambo la pili ndilo tunalotaka kila kamati iondoke nalo leo. Kabla ya kutengeneza chochote, toeni mafaili. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, wenye vitufe vingi, na kimojawapo hurudisha kompyuta kama mpya. Kinavutia sana mtu aliyechoka. Kina njia mbili, ya kubakiza mafaili na ya kufuta kila kitu, na hata ile ya kubakiza hatushauri kuigusa wakati hakuna nakala pengine.

Mafaili hutolewaje kwenye kompyuta isiyowaka? Mnachukua flashi ya GB 8 au zaidi, mnaitayarisha kwenye kompyuta nzima kwa kuiwekea mfumo wa Linux unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuingizwa ndani ya mashine. Sisi tulitumia Linux Mint, ambayo faili lake ni karibu GB 3. Mnaichomeka, mnawasha huku mkibonyeza F12, au F9, au Esc, kutegemea aina ya mashine, na mnachagua iwakie kwenye flashi. Baada ya dakika chache mnaona kioo cha kawaida chenye kipanya, na ndani yake diski ya Windows kama kabati lisilofungwa. Linux ikikataa kuandika kwenye diski hiyo, msihangaike, kusoma kunatosha. Nakilini kila kitu kwenye flashi nyingine au diski ya nje.

Orodha ya kisima ilitoka. Hatutasahau namna mtunza hazina alivyoisoma jina kwa jina, kana kwamba anaita watoto waliorudi kutoka baharini.

Lakini folda moja ya picha ilinakiliwa kwa kusuasua, ikikwama na kuendelea, na hilo lilitupa mwanga juu ya ugonjwa wenyewe. Diski hutunza taarifa za afya yake, na zipo programu za bure za kuzisoma. Yetu ilionyesha sehemu zilizokufa na nyingine zinazosubiri kuhamishwa. Diski ya namna hiyo hufanya kazi za kila siku ikijikongoja, ila ukiipa mzigo wa kuandika mfumo mzima upya, inaanguka. Na diski inayotoa sauti ya kugonga-gonga isiwashwe tena kabisa. Ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa mafaili.

Lilikuwapo la pili. Saa ya kompyuta ilikuwa inasoma Januari 2013. Ndani ya mashine nyingi kuna betri bapa kama shilingi, aina ya CR2032, ya volti 3, inayoitunza saa na mipangilio ya mwanzo umeme ukiwa umezimwa. Betri ikifa, tarehe inarudi nyuma, na tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya usalama vya mtandaoni havikubaliki, hivyo sasisho hukataa kupakuliwa na watu wanalaumu bando. Mbaya zaidi, mipangilio mingine hurudi ya kiwandani: mashine inasahau jinsi diski ilivyokuwa imeunganishwa, inaleta kioo cha buluu au inasema haioni mfumo. Tumewahi kuletewa kompyuta iliyotangazwa kufa, kumbe ni betri. Kwa hiyo tazameni tarehe kabla ya kutazama lolote jingine. Mkibadilisha betri, chomoeni kwanza waya wa umeme, na mkiwasha, ingieni kwenye mipangilio mrekebishe saa na njia ya kuwakia.

Huku pwani pia kuna hewa ya chumvi. Tuliitoa ile kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, tukasugua miguu yake ya shaba kwa raba ya penseli, taratibu, tukaifuta kwa kitambaa kikavu. Ilikuwa imefanya ukungu wa kijani. Hatudai kwamba huo ndio uliokwamisha kazi, ila kumbukumbu isiyogusana vizuri ni sababu inayojulikana ya mfumo kuanguka katikati.

Mfumo ukishindwa na kurudi nyuma huacha namba. Iandikeni, msiizime kwa hasira. Namba inayoanza na 0xC1900101 mara nyingi ni programu za kuendeshea vifaa, kwa hiyo chomoeni printa na vyote visivyohitajika kisha mjaribu tena. Ile ya 0x80070070 ni nafasi haitoshi kwenye diski. Fundi akisema "imegoma tu" bila namba, mwombeni namba.

Na umeme. Kupandisha mfumo kwenye kompyuta ya mezani bila UPS, hapa petu, ni kucheza bahati nasibu. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu, na hata hiyo iwe imechomekwa.

Tulipojua ugonjwa, likabaki swali la njia. Kulipia ulinzi wa nyongeza wa Windows 10 kunawezekana: kwa taasisi bei ya mwaka wa kwanza ilitangazwa dola 61 kwa kila kompyuta, na huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Kwa watu binafsi ukomo uliotangazwa ni tarehe 13 Oktoba 2026. Kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika tulikataa, kwa sababu kampuni haiahidi kuipa masasisho, na toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, haliwaki kabisa kwenye prosesa zilizo kongwe mno. Nakala za wizi hatukuzijadili.

Tuliweka diski mpya isiyo na sehemu zinazozunguka, ya GB 240, na Linux Mint juu yake. Kompyuta ileile iliyokuwa inawaka huku chai inachemka, sasa inawaka kabla sukari haijakorogwa. Wapo waliosema tumeleta kitu kigeni. Tuliwakumbusha kwamba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, kwa hiyo mambo haya yana historia nchini kwetu. Hata hivyo si kila kitu ni kitamu. Printa ya zamani haikukubali hadi leo, na baadhi ya majedwali yalivuruga mistari, mtunza hazina akayapanga upya kwa siku mbili. Ofisi inayotumia programu maalumu ya Windows isifuate njia hii bila kuijaribu kwanza kwenye flashi.

Kwa ndugu wafadhili tuna ombi, nasi tunalisema kwa shukrani. Kabla ya kufunga kompyuta kwenye boksi, tazameni kizazi cha prosesa. Chini ya cha nane, tuulizeni kwanza. Diski mpya na UPS tatu zinatufaa kuliko kompyuta kumi za kupamba stoo. Na flashi zije na mifumo ikiwa tayari imewekwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika. Wiki ya namna hiyo, faili la GB 3 halipakuliki kwa bando wala haliletwi kwa basi.

Kwa kamati: orodha za michango zikae sehemu tatu, kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo kabatini, na kwenye flashi nyingine nyumbani kwa mjumbe asiye mtunza hazina. Zinakiliwe kila Ijumaa. Anayenakili aandike tarehe na jina lake daftarini.

Kesho saa tatu asubuhi tutakuwa ukumbini na flashi mbili, betri za saa chache na bisibisi. Wenye mashine zilizokwama waje nazo, pamoja na waya wake wa umeme, na wasizijaribu tena usiku huu.